Ukomo wa Madai ya Mama Mkwe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mlango wa chumba cha eksirei ulifunguliwa, kijana mwenye koti jeupe akatoa kichwa na kuniambia, "Mzee, mama yako ana chuma tumboni."

Nilimsahihisha kwanza. Nilimwambia kwamba huyo si mama yangu, ni mama mkwe. Baada ya hapo ndipo neno chuma liliponifikia.

Katika malezi yangu ya Kisukuma, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye hupisha majanini akaangalia pembeni. Nilifuata desturi hiyo kwa miaka yote ya ndoa yangu bila tatizo lolote, kwa sababu sisi tulikaa Butimba na yeye Kiseke, na kati yetu palikuwa na mji mzima wa Mwanza. Tatizo lilianza nilipopunguzwa kazi. Nilikuwa mtunza stoo katika shirika la umma ambalo siku hizo lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Mke wangu alikuwa mwalimu na hakupata ruhusa. Mama yake alikuwa akilalamika maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto, na mwenye nafasi ya kumpeleka kwa daktari nilikuwa mimi.

Nilimpeleka kwa adabu iliyowezekana. Nilitangulia mbele, yeye akanifuata kwa mbali kama watu wasiojuana. Kwenye zahanati nilisimama nje ya chumba cha picha, mgongo mlangoni, uso barabarani, na kila baada ya muda nilikohoa ili ajue nilipo. Hivyo ndivyo mkwe mwenye heshima anavyofanya. Asikae kimya nyuma ya ukuta kama mwizi.

Zahanati yenyewe ilikuwa mpya. Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipokuwa wameruhusiwa tena kutibu, na kila nyumba yenye vyumba viwili na rangi nyeupe ilikuwa na kibao. Hii ilizizidi nyingine kwa kuwa na mashine ya eksirei, iliyokuja ikiwa imeshatumika mahali pengine. Mwenye zahanati, ambaye ndiye alikuwa pia daktari, aliiweka picha kwenye dirisha lenye jua.

"Hii hapa," alisema. "Chuma chenye miguu miwili. Ni koleo ndogo ya kubania mishipa. Huyu mama alishawahi kupasuliwa?"

"Sijui."

"Hujui? Na hivi vidoti pembeni ni mawe. Ila sijawahi kuona mawe yaliyojipanga mstari namna hii. Sogea uone."

"Siwezi, daktari."

"Unaogopa?"

"Ni mama mkwe."

"Mzee, hii ni mifupa!"

"Ni mifupa ya kiuno chake," nilisema, na nikaendelea kutazama kalenda iliyokuwa ukutani.

Daktari aliitia picha kwenye bahasha na kunikabidhi. Alisema koleo hiyo lazima itolewe kwa upasuaji, gharama yake shilingi elfu themanini, zilipwe kabla, na zikishalipwa hazirudi.

Jioni mke wangu aliitoa ile picha, akaiinua kwenye taa, akalia. Mimi nilikaa nikiupa ukuta uso huku nikimuuliza maswali. Ndipo nilipojua kwamba mama yake alipasuliwa zamani, mke wangu akiwa darasa la tatu, katika hospitali iliyoko mbali na hapa, kwa ajili ya uvimbe.

"Wamemsahaulia chuma miaka yote hii," alisema. "Na sasa akatwe tena, kwa umri ule? Si ajabu asiamke. Na aliyefanya kosa atakaa tu?"

Nilimwambia kwamba swali lake la mwisho linahusu sheria, na kwamba nitalishughulikia.

Sikusoma sheria shuleni. Shule yangu iliishia darasa la nane. Yaliyobaki nimejifunza mwenyewe. Lakini shirika letu lilipoanza kufilisiwa, vitabu vya ofisi ya mwanasheria viliuzwa kwa kilo kwa kina mama wanaofungia karanga, nami nikawahi kununua juzuu moja la sheria za nchi kabla halijamalizika. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeshaondoka na wateja. Kwa bahati Sheria ya Ukomo ilikuwa katikati. Niliisoma kwa kamusi, siku nne, mezani kwangu.

Ilisema hivi, kwa maneno yangu: mtu aliyeumizwa na mwenzake, pasipo mkataba kati yao, anayo miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Ikipita, mlango umefungwa, hata awe na haki kama ya malaika. Kwa hiyo jambo lote lilitegemea siku ya kuanza kuhesabu. Tukianzia kwenye kisu, tumechelewa tangu mke wangu akiwa darasa la sita.

Sikukata tamaa. Niliandaa hoja tatu, nikazipeleka kwa wakili mmoja mjini, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Nilimkuta anakula karanga. Kabla ya kusalimia niliikagua karatasi iliyozifunga. Ilikuwa gazeti.

"Hoja ya kwanza," nilimwambia. "Sheria inasema mtu asiyekuwa na akili zake, muda haumhesabii. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi wakati koleo inaachwa."

"Sawa. Aliamka lini?"

"Sijui."

"Akikuambia kwamba aliamka jioni yake, umepata nyongeza ya saa sita. Endelea."

"Hoja ya pili. Koleo bado imo. Kila siku inamuumiza upya. Kwa hiyo kosa linatendeka kila asubuhi, na muda unaanza kila asubuhi."

Wakili aliacha kutafuna. "Mzee, ulisomea wapi?"

"Stoo."

"Hiyo ni nzuri. Hakimu ataipenda, kisha ataikataa. Ya tatu?"

"Pale ambapo kitendo hakikuleta madhara papo hapo, muda unahesabiwa tangu madhara yalipotokea. Hakuumwa miaka yote hiyo. Tuanzie siku alipoanza kuumwa."

"Hiyo ndiyo tutakayoshika," wakili alisema. "Nipe picha niione."

Nilimpa bahasha na kugeukia kabati lake la vitabu. Nilimsikia akiinyoosha ile picha mbele ya dirisha, akaguna kwa muda.

"Ama kweli. Wewe ukiitazama unaona nini?"

"Sijawahi kuitazama."

Nilimweleza sababu. Wakili alikuwa mtu wa Bukoba, na aliniambia kwamba kwao pia mkwe ana heshima yake, lakini ndiyo mara ya kwanza kupata mteja anayefungua kesi ya kitu asichokiona kilichomo ndani ya mtu asiyeongea naye. Alipokea elfu ishirini za kuanzia, akanipa kazi mbili. Kazi ya kwanza, nipate siku maumivu yalipoanza. Ya pili, mama apasuliwe na koleo itolewe mapema, kwa sababu hakimu atataka kuiona mezani. Picha nyingine ya hospitali kubwa ingesaidia pia.

Kazi ya kwanza ilipitia kwa mke wangu. Nilimwandikia maswali, akaenda Kiseke akarudi na majibu.

"Umemuuliza maumivu yalianza lini?"

"Amesema magugu maji yalipokuja ziwani."

"Yalipokuja, au yalipojaa? Kuna tofauti ya miezi."

"Mume wangu, nirudi Kiseke kuuliza hilo?"

Alirudi. Jibu lilikuwa hili: "Mwambie yalianza yalipojaa mpaka mitumbwi ikakwama. Mwambie pia mimi ndiye ninayeumwa, yeye anaumwa nini?"

Siku iliyofuata nilikwenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na kina mama wanapoanika dagaa, nikauliza watu ni lini hasa magugu yalifunga maji mitumbwi isitoke. Walibishana nusu saa. Mmoja alikumbuka kwamba ni wiki aliyojifungua, mwingine kwamba ndiyo wiki bei ya sangara ilipopanda, na mtoto wa yule wa kwanza alikuwa na kadi ya kliniki. Kwa kadi hiyo niliupata mwezi, na hata wiki. Nilihesabu miaka mitatu mbele tangu siku aliyozaliwa mtoto huyo. Ukomo ulikuwa unaangukia Jumatatu, wiki tano zijazo.

Nilifurahi kwa jinsi hesabu ilivyokaa. Mke wangu hakufurahi. Yeye aliona kwamba mama yake ana wiki tano kabla ya kukatwa.

Na mama alikataa. Alikataa picha ya pili kwa neno moja. Upasuaji hakuukataa moja kwa moja, lakini alitoa sharti: hatakatwa na mtu yeyote mpaka wifi yake aje. Wifi yake ni dada wa marehemu baba mkwe, shangazi wa mke wangu, aliyekuwa anaishi Busisi, ng'ambo ya ziwa.

"Anataka kuagana naye," mke wangu alisema, akaanza kulia tena. Mimi pia lilinigusa. Nilidhani mama wa watu anapanga mambo yake.

Tulimtumia shangazi salamu kwa dereva wa lori la samaki. Wiki ya kwanza hakuja. Wiki ya pili tukasikia pantoni ya Kigongo, inayovusha watu wa Busisi, imeharibika. Wiki ya tatu ilitengenezwa ikabeba ng'ombe wengi, ikaharibika tena. Nilikwenda kwa wakili kuuliza kama pantoni mbovu inasimamisha muda wa sheria. Alisema sheria haimjui mtu wa pantoni. Nikamuuliza kuhusu kumwomba waziri aongeze muda, maana kifungu hicho nilikuwa nimekiona. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, mlete huyo shangazi."

Mke wangu aliuza mbuzi wawili, nami nikaongezea kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Elfu themanini za daktari zilikamilika, zikakaa ndani ya kopo la kahawa. Tulikubaliana kuzilipa Jumamosi asubuhi ili mama apasuliwe siku hiyo hiyo, na Jumatatu wakili aingie mahakamani akiwa na koleo mkononi.

Alhamisi pantoni ikapona. Ijumaa nilikwenda Kigongo kumpokea shangazi.

Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuitia watu shambani, na alishuka pantoni akiwa na jogoo kwapani. Kwa shangazi wa mke sikuwa na kizuizi kama kwa mama yake, na yeye hakuwa na kizuizi kwa mtu yeyote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Umekonda! Ama ndiyo bei ya wale ng'ombe uliotuletea? Mmoja alikuwa na kwato mbovu, mpaka leo tunachechemea naye."

Nilimweleza kwamba ng'ombe yule alikaguliwa na kaka yake mwenyewe siku ya mahari. Akacheka. Njiani nilimweleza habari za koleo, za hospitali na za ukomo wa Jumatatu. Alisikiliza sana, kisha akauliza, "Na huyo aliyepiga picha, alimvua?"

Nilisema sikuwa mahali pa kujua jambo hilo. Hakuuliza tena mpaka Kiseke.

Tulipofika, mama mkwe na mke wangu walikuwa ndani. Shangazi akaingia. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, jogoo akiwa mikononi mwangu. Nilisikia salamu, kisha karatasi ya picha ikitolewa kwenye bahasha. Kisha shangazi akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Wifi! Hiki si kibanio changu?"

"Nyamaza wewe," ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Mkwe yuko nje."

"Yuko wapi?"

Nilikohoa, kama inavyotakiwa.

"Huyo hapo!" shangazi alipaza sauti. "Kohoa, mkwe, kohoa! Mwanangu, hebu njoo uone. Hiki ni kibanio cha nywele, cha chuma, nilikivua kichwani pangu. Tulikuwa mwaloni na mama yako, magugu yamejaa, mitumbwi haitoki, uzi wake wa kiunoni ukakatika mbele ya watu. Ningefanya nini? Nikamfunga kwa kibanio, nikamwambia nitarudi nikufunge uzi mpya. Nikasahau."

"Na haya mawe?" mke wangu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mawe gani? Shanga hizo! Nilimfunga mwenyewe siku alipoolewa na kaka yangu. Zilikuwa mistari mitatu. Zimebaki hizo kumi na mbili, anazing'ang'ania."

"Mama! Kwa nini hukusema?"

Mama mkwe alijibu kwa sauti ya chini, lakini dirisha lilikuwa wazi, na mimi sikuwa na mikono ya kuziba masikio kwa ajili ya jogoo.

"Ningemwambia nani? Wewe ni mwanangu, mambo ya kiuno changu nikuambie wewe? Daktari ni mtoto wa kiume. Wakili mwanamume. Mkwe ndiye usiseme. Na uzi huu alinifunga wifi yangu, ni wake kuufungua, kwetu ndivyo ilivyo. Nikasema nitamsubiri."

"Lakini kwenye picha walikuambia uvue kila kitu."

"Waliniambia. Nikaona yule kijana amegeuka, nikasema basi leo nitaufungua mwenyewe, Mungu atanisamehe. Nikaushika. Mkwe akakohoa nje ya mlango. Nikauachia. Nikaushika tena. Akakohoa tena. Mwisho nikaacha."

Sikukohoa wakati huo. Nadhani ndiyo mara pekee nilipokiuka desturi.

"Na maumivu?" mke wangu aliuliza.

"Kinanichoma nikiinama kupalilia," mama mkwe alisema. "Hapo hapo palipo na kovu. Nilisema ninaumwa chini ya tumbo kushoto. Nilidanganya?"

Hakuwa amedanganya. Dakika chache baadaye nilisikia uzi ukikatwa na shangazi akihesabu shanga moja moja kwenye bakuli la bati. Upasuaji wote ulikuwa huo. Mama mkwe alitoka uani akainama kuchochea moto, akainuka, akainama tena bila sababu yoyote, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mimi niliangalia pembeni.

Nilikaa chini kwenye kivuli cha ukuta nikapitia hesabu zangu upya. Hazikuwa na kosa. Maumivu yalianza wiki ile ile niliyoipata kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu ndiyo wiki kibanio kilipofungwa. Ukomo ulikuwa Jumatatu kama nilivyosema. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika, nalo ni mdaiwa. Nilimweleza hivyo mke wangu alipotoka na bahasha.

"Basi mshitaki shangazi," alisema. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Bado una siku tatu."

"Anishitaki!" shangazi alijibu kutoka ndani. "Nimefika mwenyewe, msisumbue polisi. Fidia itakatwa kwenye ule ukwato!"

Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla ya siku hiyo. Mama mkwe alicheka, mimi nikiwa karibu, na hakujizuia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda zahanati kumweleza daktari kwamba hatutahitaji upasuaji. Aliuliza koleo imekwenda wapi. Nikamwonyesha kibanio. Alikigeuza mara mbili, kisha akasema kwa uzito kwamba kwa picha ya upande mmoja mtu yeyote angeweza kukosea, akanishauri nirudie picha ya pili kwa bei nafuu. Nilimshukuru. Kutoka hapo nilipanda ghorofani kwa wakili. Yeye alilazimika kuweka karanga chini. Alicheka mpaka mwenye duka la vitenge akapanda kuuliza kuna nini. Elfu ishirini hakurudisha. Alisema nimelipia ushauri na ushauri nimepata, ila hoja yangu ya pili, ile ya kosa linalozaliwa upya kila asubuhi, aliomba ruhusa aitumie siku atakapopata chuma cha kweli. Nilimruhusu.

Mbuzi wawili walinunuliwa tena kwa pesa za kopo la kahawa, ingawa si wale wale. Mama mkwe alifungwa uzi mpya, kwa habari nilizopewa, mimi sikuuliza. Shangazi aliondoka Jumatatu, siku ya ukomo. Kule Kigongo, pantoni ikiwa imeshapiga honi, alinyoosha mkono akadai kibanio chake. Nilikuwa nimekiacha kwa wakili, aliyeniomba akae nacho mezani. Ikabidi nimnunulie kingine kwa mama muuza vitu vidogo pale pale kivukoni, shilingi mia moja. Upasuaji wa elfu themanini tuliokoa. Kwa picha, wakili, juzuu la sheria, nauli zangu za mwaloni na Kigongo, pamoja na kibanio hicho, tulipoteza shilingi elfu thelathini na moja na mia tano.